Mradi wa Miaka Mitano, Mnazi wa Miaka Sitini

Mvua za mwaka zinapokaribia, Pwani nzima kuanzia Vanga hadi Kiunga huingia katika harakati zile zile. Mashamba yanafyekwa, majembe yanatiwa mipini, bei ya trekta la kukodi inapanda na maduka ya agroveti yanajaa watu. Ofisi nazo huzinduka. Mbegu hugawanywa mbele ya kamera, miche hupakiwa kwenye malori, vijana huvishwa fulana zenye nembo ya mfadhili. Yote hayo ni mema, na aliyepewa hana budi kushukuru. Lakini kuna swali ambalo siku ya sherehe huwa haliulizwi: mbegu zikishafukiwa na malori yakishaondoka, nani atarudi kumtazama mkulima yule mwezi wa pili, msimu wa pili, mwaka wa tano?

Makala haya yanahusu swali hilo. Hoja yangu ni kuwa ushauri wa kilimo hapa kwetu umegeuzwa kutoka huduma ya kudumu ukawa mradi wa kupita, na kwamba jambo hili linatuumiza sisi wa Pwani kuliko Wakenya wengine, kwa sababu mali yetu kubwa ya shambani ni miti. Anayelima mahindi hupata jibu baada ya miezi mitatu au minne. Anayepanda mnazi, mkorosho au mwembe hungoja miaka. Mshauri wake akiondoka kabla mti haujazaa, atakuwa ameachwa katikati ya bahari bila nahodha.

Bwana shamba alikuwa nani

Wazee wetu wanamkumbuka bwana shamba. Alikuwa mwajiriwa wa Wizara ya Kilimo, akijulikana kwa jina lake na hata nyumba anayokaa. Kuanzia mwaka 1982, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, Kenya ilifuata mpango wa mafunzo na matembezi. Afisa alikuwa na ratiba. Siku fulani yeye mwenyewe anafunzwa, siku nyingine anawazuru wakulima waliochaguliwa, nao wakulima hao wanatarajiwa kuwafikishia majirani waliyojifunza.

Mpango ule ulikuwa na kasoro nyingi. Ulikuwa ghali, ulileta maagizo kutoka juu, na mara nyingi ujumbe ulikuwa mmoja hata kama udongo wa huku ni mchanga na wa kule ni mfinyanzi. Hata hivyo ulikuwa na fadhila moja ambayo leo imekuwa adimu. Mkulima alijua afisa atakuja lini.

Miaka ya 1990 mambo yakabadilika. Serikali ilishinikizwa na wakopeshaji kupunguza wafanyakazi wa umma, ajira zikafungwa, na kila afisa aliyestaafu au kufariki aliacha kiti kitupu. Mwaka 2000 ukaja mpango wa NALEP uliofadhiliwa na Uswidi, ukiwa na fikra mpya kwamba mkulima mwenyewe ndiye aitishe huduma, na kwamba mashirika na kampuni za kibinafsi zisaidiane na serikali. Fikra hiyo si mbaya. Lakini mwenye uwezo wa kuitisha ni yule anayejua cha kuitisha, mwenye simu yenye salio na ofisi iliyo karibu. Mjane wa Ganze au wa Kinango mwenye ekari mbili na mbuzi watano hayumo katika hesabu hiyo.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Jedwali la Nne liliikabidhi kaunti kazi ya kilimo cha mimea, ufugaji, udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo, na uvuvi. Serikali kuu ilibaki na sera. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zilirithi maafisa waliokuwapo, na wengi wao walikuwa wanakaribia umri wa kustaafu. Kwa hivyo anayetaka kulalamikia ukosefu wa bwana shamba wa kijiji chake asiangalie Nairobi kwanza. Aanzie Mombasa, Kwale, Kilifi, Hola, Lamu na Wundanyi.

Hesabu ya afisa mmoja

Uwiano unaotajwa sana na wataalamu kuwa unafaa ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Katika nchi yetu, takwimu zinazotolewa huonyesha afisa mmoja akihudumia wakulima zaidi ya 1,000, na mara nyingine idadi hiyo huzidishwa mara kadhaa.

Hebu tupige hesabu ya kawaida. Tuseme afisa ana wakulima 1,000. Anafanya kazi siku tano kwa wiki, na ukiondoa likizo na sikukuu zinabaki siku kama 240 kwa mwaka. Akiwatembelea wakulima wanne kila siku bila kukosa, atafika kwa 960. Ina maana hata afisa mwenye bidii kupita wote, mwenye pikipiki isiyoharibika na mafuta yasiyokwisha, atamfikia kila mkulima chini ya mara moja kwa mwaka. Na afisa wa namna hiyo hayupo. Ana mikutano ya ofisi, ana ripoti za kuandika, ana wageni wa mradi wa kuwatembeza, na mara nyingi pikipiki ipo lakini pesa za petroli hazipo.

Hapa ndipo bajeti huficha mambo. Kaunti inaweza kusema kwa haki kabisa kwamba imetenga fedha za kilimo. Ukitazama ndani unakuta matrekta, mbegu, miche, majengo ya soko. Hivyo ni vitu vinavyopigika picha. Petroli ya afisa haipigiki picha, na kwa sababu hiyo huwa ya kwanza kukatwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Pengo lililoachwa na serikali limezibwa na miradi. Pwani tumepokea mingi, na baadhi yake inafaa kukumbukwa kwa mafunzo iliyotuachia.

Mradi wa makazi wa Magarini, kaskazini ya Malindi, ulifadhiliwa na Australia kuanzia miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Msitu ulifyekwa kwa mashine, viwanja vikapimwa, familia zikatakiwa kulima mahali pamoja mwaka baada ya mwaka. Waliopanga hawakuwasikiliza vya kutosha wenyeji, ambao walikuwa wakihamisha mashamba yao ili ardhi ipumzike, kwa sababu walijua mvua za huko haziaminiki. Mradi ulishindwa, na leo hutajwa na wanaosomea maendeleo kama mfano wa nia njema iliyokosa masikio.

Mradi wa ng'ombe wa maziwa uliofadhiliwa na Uholanzi, miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, ulikuwa tofauti. Ulifundisha kufuga ndani ya zizi na kupanda majani ya kulishia, na maafisa wakawa wanafuatilia nyumba kwa nyumba. Fedha zilipokwisha, ufuatiliaji ule nao ukapungua.

Katika miaka ya karibuni tulikuwa na NARIGP katika Kwale na Kilifi, na KCSAP katika Lamu, Tana River na Taita Taveta, yote miwili kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Iliidhinishwa kati ya 2016 na 2017, na kufikia 2024 ilikuwa imeshakunja jamvi. Sasa tuna NAVCDP, ulioanza 2022, unaowakusanya wakulima katika vyama vya akiba na mikopo na kuwatumia vijana kama washauri wa mashinani. Upande wa bahari, KEMFSED ulianza 2020 kwa ajili ya jamii za wavuvi katika kaunti tano za mwambao.

Sitaki nieleweke vibaya. Miradi hii imefanya mambo. Imewafundisha wakulima kujiunga, kuweka daftari, kuandika maombi ya ruzuku na kuuza kwa pamoja. Kikundi kinachojua kuweka hesabu hakirudi tena kilipotoka. Tatizo ni muda. Fedha za mkopo zina tarehe ya kufunga, na mti hauijui tarehe hiyo. Hata kampuni za kibinafsi ni hivyo hivyo. Base Titanium ilipokuwa ikichimba madini Kwale ilisaidia programu ya wakulima, wakiwemo wa pamba, na uchimbaji ukafikia mwisho Desemba 2024. Mwenye kusaidia ana haki ya kuondoka. Asiyekuwa na haki ya kuondoka ni serikali ya kaunti.

Mti hausomi kalenda ya mfadhili

Mnazi wetu mrefu wa asili huanza kuzaa mwaka wa sita au wa saba, na ukitunzwa huendelea kuzaa miaka sitini na zaidi. Mradi wa kawaida una miaka mitano. Maana yake ni kwamba mradi unaweza kugawa miche, kuihesabu, kuiandikia ripoti ya mafanikio na kufunga ofisi, na hakuna hata dafu moja lililoanguliwa.

Katika miaka hiyo sita mnazi mchanga una maadui. Mkubwa wao ni dudu mwenye pembe anayeitwa chonga, ambaye hutoboa na kuingia kwenye moyo wa mti. Dawa yake ya kwanza haiuzwi dukani. Chonga huzaliana ndani ya magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi, kwa hiyo anayeondoa magogo na kugeuza samadi yake mara kwa mara amepunguza nusu ya vita. Hilo ni jambo la kuonyeshwa kwa mkono shambani, na la kukumbushwa. Halikai kichwani kwa warsha ya siku moja katika ukumbi wa hoteli, hasa warsha yenyewe ikiitishwa Ijumaa adhuhuri.

Mkorosho una hadithi yake. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilikufa miaka ya 1990 na bei ikawa mikononi mwa madalali. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi nje ili zibanguliwe hapa nchini. Sera ilitoka Nairobi, lakini shambani mikorosho ilikuwa imezeeka na maua yake yakishambuliwa na ukungu mweupe unaofanana na unga. Mkulima anayepuliza salfa mapema maua yanapochanua huokoa mavuno, na anayepuliza ukungu ukishatanda amepoteza pesa. Mkorosho wa zamani unaweza kukatwa na kupandikizwa kikonyo cha aina bora. Yote mawili yanahitaji mtu anayejua siku na anayejua kukata. Sera bila mtu huyo ni karatasi.

Maembe yanatupa somo lingine. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na kutoka hapa akaenea Afrika nzima. Kwa sababu yake, Kenya ilijizuia kuuza maembe Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021. Namna ya kumpunguza inajulikana. Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa katika shimo la kina cha zaidi ya nusu mita, na mitego yenye harufu inayowavuta madume itundikwe mitini. Lakini shamba moja likifanya hivyo na jirani asifanye, nzi wanahamia tu. Hapa panahitajika mtu wa kukiunganisha kijiji kizima kwa msimu mzima. Ujumbe wa simu hauwezi kazi hiyo.

Muhogo nao, chakula chetu cha siku za njaa, una ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Majani yanaweza kuonekana mazima ilhali chini mizizi imeoza. Mtu hukata vijiti kwa jirani kwa nia nzuri, na anabeba ugonjwa hadi kwake. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, ambacho sasa kiko chini ya KALRO, kimetoa aina za muhogo kama Tajirika, Shibe na Karembo, na kabla ya hapo mahindi ya Pwani Hybrid yanayofaa joto letu. Elimu ipo, tena ipo hapa hapa kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Kutoka Mtwapa hadi Bamba si safari ndefu kwa gari, lakini kwa elimu imekuwa safari ya miaka.

Ama kuhusu vijana

Kila hotuba ya kilimo sasa inamtaja kijana, na ni sawa kumtaja. Nyumba nyingi za Pwani zina kijana aliyemaliza shule akakaa barazani, na kwa kukosa shughuli, muguka ukawa kazi yake. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi waliupiga marufuku, mahakama ikasimamisha amri hizo, na tukabishana wiki nyingi. Wachache walitazama upande wa pili wa gunia lile. Kule Mbeere kuna mkulima mwenye zao linalovunwa mara kwa mara na kumpa pesa taslimu. Kijana wetu yuko mwisho wa mnyororo huo, na nafasi yake ni ya mnunuzi.

Kwa hiyo kumwambia kijana apande mnazi angoje miaka saba ni kumfanyia mzaha. Mshauri mwenye maarifa atamwambia apande minazi kwa nafasi inayotakiwa, na katikati yake, miaka ile ya kungoja, alime kunde, mchicha, pilipili, muhogo au tikiti maji. Mboga itanunua sabuni na salio, mti utajenga nyumba. Mababu zetu walilima hivyo kabla ya neno mradi kufika kwetu.

Mpango wa NAVCDP wa kuwatumia vijana kama wajasiriamali wa kilimo una busara ndani yake. Kijana wa wadi husika anafunzwa, anapewa posho kwa muda, anawasajili wakulima na kuwashauri, kisha anatarajiwa kujitegemea kwa kuuza pembejeo na huduma. Anazungumza Kigiriama, Kidigo, Kipokomo au Kibajuni cha wateja wake, jambo ambalo vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa kwa Kiingereza haviwezi.

Ila kuna hatari ambayo lazima isemwe mapema. Mshauri anayekula kwa kuuza dawa ataelekea kushauri dawa. Kuokota maembe na kuyafukia hakumpi senti. Kuondoa gogo la mnazi hakumpi senti. Kumwambia mama kwamba shamba lake msimu huu halihitaji kupulizwa ni kujinyima mlo wa mchana. Simlaumu kijana, maana ndivyo riziki yake ilivyopangwa. Lakini daktari na mwenye duka la dawa wakiwa mtu mmoja, mgonjwa huondoka na mfuko mzito. Kijana huyu afanye kazi chini ya afisa wa kaunti anayelipwa mshahara na asiyeuza kitu. Asiwekwe badala yake.

Hatari ya pili ni ardhi. Hapa Pwani, kupanda mti wa kudumu ni kama kutia sahihi. Wengi wetu tunakaa juu ya ardhi isiyo na hati, na tangu zamani maskwota waliruhusiwa kulima mahindi na muhogo lakini si kupanda miti, kwa sababu mti unadai ardhi. Hata ndani ya familia, mzee anaweza kumpa mwanawe sehemu ya kulima mboga na kukataa mwembe. Programu inayomgawia kijana miche hamsini bila kumuuliza ataipanda wapi na kwa idhini ya nani imefanya nusu ya kazi. Maafisa wa ardhi na wa kilimo wana ofisi katika mji mmoja, na wanaweza kuketi pamoja wakatayarisha mkataba wa ukodishaji wa karatasi moja, kwa Kiswahili, wenye kushuhudiwa na wazee wa kijiji.

La tatu ni mtaji. Vijana wengi Waislamu huukimbia mkopo wowote wenye riba, na hilo si la kudharauliwa wala la kuhesabiwa kuwa uzembe. Nchi imekuwa na benki kamili za Kiislamu tangu 2008, na mfumo wa kununuliwa kifaa kisha ukalipa kwa bei mliyokubaliana unajulikana. Vyama vya akiba vinavyoanzishwa na miradi mashinani vingeweka mlango huo tangu mwanzo, wangeingia vijana ambao sasa wako nje. Misikiti nayo ina nafasi yake. Zaka ya mazao ni moja ya kumi kwa shamba la mvua na nusu yake kwa shamba la kumwagiliwa, ikifika kiwango chake. Wapo masheikh wa kutuelekeza namna inavyoweza kumwinua maskini ajitegemee, badala ya kumaliza njaa ya wiki moja tu.

Kibuyuni walipata nini

Ukitaka kuona ushauri unaokaa, nenda Kibuyuni, kusini ya Kwale. Kina mama wa pale wanalima mwani baharini. Kamba hufungwa kwenye vijiti wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na baada ya wiki sita hivi huvunwa na kuanikwa. Leo wanauza mwani mkavu na wengine wanatengeneza sabuni.

Kilimo hicho kilisaidiwa na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari yenye makao yake Mombasa. Wafadhili mbalimbali wamepita na kuondoka, lakini taasisi hiyo ipo Pwani miaka yote, na aliyekwama anajua mlango wa kubisha. Pia ushauri ulifuata saa za kazi ya kina mama, kwa kuwa bahari haingoji ratiba ya ofisi. Hawajamaliza matatizo yao, maana bei bado hupangwa na wanunuzi wachache. Lakini wana zao, wana kikundi na wana mtu wa kumuuliza. Kilimo cha nchi kavu kinastahili hayo matatu.

Tudai nini, na lini

Kaunti zina jibu lao, na ni la kweli. Kanuni za fedha za mwaka 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na nyingi zinabanwa na kikomo hicho. Hawawezi kuajiri mamia ya maafisa kwa mkupuo. Tulikubali hilo. Lakini kikomo cha mishahara hakizuii kununua petroli, wala hakizuii kumhamisha afisa kutoka meza ya makao makuu hadi wadi. Na serikali za Afrika zilikubaliana Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Mwananchi ana haki ya kuuliza tumefika wapi.

Sheria imetupa tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mwelekeo wa fedha hufika kufikia mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia tarehe 30 Aprili, na Juni 30 mwaka wa fedha unafungwa. Kabla ya hatua hizi, wananchi hualikwa kutoa maoni. Wengi wetu hatuendi, au tunaenda kwa ajili ya soda na kurudi. Mwaka huu tuende na maswali manne yaliyoandikwa.

Kwanza, wadi yetu ina maafisa wangapi wa kilimo, mifugo na uvuvi, na ofisi zao ziko wapi? Majina na nambari za simu zao yabandikwe kwenye ofisi ya chifu, msikitini na kanisani.

Pili, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa usafiri wa maafisa hao, na zimetolewa kwa wakati au zimebaki kwenye karatasi?

Tatu, mradi wa sasa utakapofungwa, ni shughuli zipi zitaingia katika bajeti ya kaunti, na kuanzia mwaka gani? Jibu hili liandikwe kabla mradi haujaisha. Likisubiri hafla ya kuaga litakuwa limechelewa.

Nne, kati ya miche iliyogawanywa miaka mitatu iliyopita, mingapi iko hai? Hili ni swali dogo, lakini litafichua mengi. Idadi ya miche iliyogawanywa inamsifu aliyegawa. Idadi iliyo hai inamsifu mkulima na mshauri wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tusiwaachie maafisa peke yao pia. Redio zetu zinafika mpaka majikoni, na kipindi cha mtaalamu wa Mtwapa kila wiki kwa lugha ya watu kingesaidia, mradi kila msikilizaji akijua kuna mtu wadini mwake wa kuja kuinama na kutazama chini ya jani. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichozaliwa kutokana na Chuo cha Kilimo cha Kilifi, kina wanafunzi wa kilimo wanaotafuta mahali pa mafunzo ya vitendo. Wawekwe vijijini msimu mzima, si wiki mbili.

Minazi tunayokula leo ilipandwa na watu ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki. Walipanda bila mfadhili, na maarifa yalipita kutoka baba hadi mwana kwa kuwa wote walikuwa shambani. Leo mwana yuko mjini anatafuta kazi ya bodaboda, na mnyororo ule umekatika. Kuuunga tena ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa sababu ndiyo pekee inayotarajiwa kuwapo mwaka ule mnazi utakapoanza kuzaa. Kama haitaki kazi hiyo, basi iseme wazi, nasi tukumbuke ifikapo siku ya kupiga kura. Wabillahi taufiki.